Jinsi ya kushuka kwenye kiti cha hakimu (naongea kama mtu aliyekikalia miaka)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe ili mtu asije akadhani naandika hapa kama mtakatifu aliyefika.

Kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani, miaka kadhaa nyuma, tulikuwa na mweka hazina mmoja, mama mchangamfu, mcheshi, akiingia mahali kila mtu anageuka, na mimi tokea siku ya kwanza sikumpenda tu. Sababu sikuwa nayo, ikabidi niitafute. Kila kitenge kipya alichovaa mi nakihesabu kichwani, kile cha harusi, kile cha Pasaka, hiki kingine kakitoa wapi, na nikawa nawanong'oneza wenzangu "hivi hela za kikundi huwa mnazikagua kweli?" huku nacheka kidogo ili ionekane utani. Basi bwana, ikapita kama nusu mwaka, tukapata msiba, zikatakiwa hela za rambirambi, daftari likafunguliwa, shilingi 340,000 hazipo. Kazila. Alikiri mwenyewe mbele yetu, analia.

Yaani nilikuwa sahihi. Na hapo ndo nilipoharibika, maana ningekuwa nimekosea ningeona haya nikanyamaza, ila kwa kuwa nilipatia nikaona kama Mungu mwenyewe kanigongea muhuri. Nikaupiga picha ule ukurasa wa daftari nikaurusha kwenye grupu la WhatsApp la kikundi, na kama haitoshi nikaurusha na kwenye grupu la kwaya ambalo halikuhusika kabisa. Chini nikaandika: niliwaambia.

Jumapili zilizofuata hakuonekana, hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni binti yake, miaka 9, alikuwa Sunday school kwenye darasa ninalofundisha mimi, naye akaacha kuja. Siku moja nikamkuta dukani kwa Mangi kashika kipakti cha majani ya chai, akaniamkia "shikamoo ticha" macho chini, akaondoka mbio mpaka akasahau chenji yake. Mangi akanipa mimi nimpelekee. Nikabaki nimesimama pale na shilingi 500 ya mtoto mkononi, sina uso wa kwenda kugonga mlango kwao.

Naeleza haya yote kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kuhukumu ni ule wa "usimhukumu mwenzio, hujui anapitia nini". Ni kweli, usilolijua ni usiku wa giza. Lakini mimi nilijua! Mwenzangu alikosa kweli. Sasa ukiwa unajua, na ukweli uko upande wako, unaachaje kuhukumu? Dawa ya "labda ana sababu zake" haifiki huko. Hii ninayoandika ndo njia niliyopitia na bado napita, chukua kinachokufaa.

Kwanza tuelewane hukumu ni ipi

Watu wakisikia "msihukumu" wanadhani maana yake ukiona ubaya ufumbe macho. Hapana. Mathayo 7 inaanza na msihukumu, sawa, ila ukishuka aya ya 6 unakuta msitupe lulu zenu mbele ya nguruwe, ukishuka tena aya ya 15 unakuta jihadharini na manabii wa uongo, sasa utajihadhari vipi kama huruhusiwi kupambanua kitu? Na Yohana 7:24 Bwana anakataza hukumu ya macho tu, anataka hukumu ya haki. Neno lenyewe kwa Kiyunani ni krino, limebeba mengi kwa pamoja, kutenganisha, kuamua, kuhukumu, kwa hiyo inategemea limekaa wapi.

Mi natofautisha kienyeji hivi. Kusema "hela 340,000 hazipo na wewe ndo ulikuwa unazitunza" ni kupambanua. Kusema "huyo mwizi, ndivyo alivyo, nilimjua siku nyingi" ni kuhukumu. La kwanza linagusa tendo, na tendo likirekebishwa habari imeisha. La pili linamfunga mtu mzima mzima, jana yake na kesho yake, hata akirudisha hela bado ni mwizi.

Kama bado huna uhakika uko upande gani, kuna kipimo kidogo nakitumia: unapoisimulia hiyo habari, umesogeza kiti? Mtu anayepeleka taarifa anaongea palepale alipokaa. Mtu anayehukumu anavuta kiti karibu, anashusha sauti, anaangalia mlangoni. Ukijikuta umesogeza kiti, simama hapohapo.

Kiti kina mwenyewe

Hapa ndo imani inapotofautiana na ushauri wa kawaida wa kuwa mtu mzuri. Paulo anauliza Warumi 14:4, "wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Yaani ni kama uingie nyumba ya jirani uanze kumkaripia dada wa kazi wake kwamba sahani hazijang'aa. Hata kama kweli hazijang'aa! Kwani wewe ndo unamlipa? Yakobo 4:12 naye anasema mwenye kuhukumu ni mmoja tu. Kwa hiyo kuhukumu sio tu tabia mbaya ya kuudhi watu, ni kukalia kiti cha mtu, na Mwenye kiti alishashuka akafa kwa ajili ya huyohuyo unayemhukumu, na kwa ajili yako pia.

Kwa vitendo, mimi nilianzia kwenye toba ya Jumapili. Sisi Walutheri tunaungama wote pamoja mwanzoni mwa ibada, mchungaji, mzee wa kanisa, mwanakwaya, aliyekuja na gari na aliyekuja kwa mguu, wote tumetenda dhambi kwa mawazo, maneno na matendo. Na mimi kwa miaka yote hiyo, nisiwafiche, wakati wa kuungama nilikuwa nawakumbuka wengine. "Naam, maneno, hapo mama fulani asikie." Sasa zoezi ni dogo tu, lakini gumu: wakati ule wa kimya, taja kichwani kitu kimoja cha kwako cha wiki hiyo, chenye siku na mahali. Sio "mimi ni mwenye dhambi", hilo halimuumi mtu. Sema "Jumatano nilimdanganya mume wangu bei ya wigi." Ukishakisema hicho, ukaenda ukapiga magoti mezani pa Bwana kwenye mstari uleule na watu unaowasengenya, na wote mnapokea mkate uleule, ulimi unakuwa mzito kidogo. Kidogo tu lakini.

Daftari la nukta

Hili nimeliiba kwa Wakatoliki, Walutheri wenzangu mtanisamehe. Ignatius wa Loyola, yule aliyeanzisha Wajesuiti karne ya 16, alikuwa na njia yake ya kupambana na kosa moja moja: unachagua kosa moja, asubuhi unakusudia kulikwepa, mchana na usiku unajikagua, na kila ulipoanguka unaweka nukta kwenye mstari wa siku hiyo, halafu unalinganisha leo na jana, wiki hii na iliyopita. Askari yule, alipanga mambo kiaskari.

Basi chukua daftari la 500, andika siku 7. Kila ukijikamata umemhukumu mtu kichwani, nukta. Hata kama hukusema neno. Dalili zake utazijua, ni zile sentensi zinazoanza na "hawa watu ndo maana...", "mimi nisingeweza...", "si anaonekana tu...". Siku yangu ya kwanza nilifika nukta 11 kabla ya saa 6 mchana na hapo nilikuwa nimepanda daladala moja tu kwenda Kariakoo. Konda nukta, dada mwenye kucha ndefu nukta, kijana aliyejifanya amelala ili asimpishe mzee siti nukta (huyu mpaka leo sijaridhika kama alistahili, ila nukta niliweka), singo maza mwenye watoto watatu eti kila mmoja sura yake, hapo niliweka mbili.

Usijilaumu na usijaribu kuzizuia wiki ya kwanza, we hesabu tu. Kwa sababu ukimaliza siku 7 kuna kitu utakiona. Mimi niliona kwamba zaidi ya nusu ya nukta zangu zilikuwa kwa watu wa aina moja: wanaoonekana hela zinawajia kirahisi. Mavazi, kucha, simu, magari. Hapo ndo nikaanza kushtuka, kwamba mbona jicho langu linakimbilia palepale kila siku?

Boriti ni mti uleule

Wote tunaujua mfano wa kibanzi na boriti, tumeuimba tangu utoto. Ila hebu usome kama mtu wa pwani. Boriti ni ile miti ya mikoko iliyobeba dari za nyumba za zamani Lamu na Unguja, ndo maana vyumba vile ni virefu ila vyembamba, upana wa chumba unaishia urefu wa boriti unapoishia. Sasa mtu ana mti ule jichoni na anapapasa kutafuta kijiti kwenye jicho la mwenzie. Yesu kakulia kwa seremala, mi naamini hapo watu walicheka.

Lakini kuna kitu nilikuwa sijakiona: kibanzi na boriti ni mti uleule. Kibanzi kimebanduka kwenye boriti. Yaani dhambi ninayoiona haraka kwa mwenzangu mara nyingi ni ile ninayoijua kwa ndani, naitambua harufu yake. Mfalme Daudi, 2 Samweli 12, Nathani anamletea kesi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, na Daudi anawaka, anasema huyo mtu anastahili kufa na kondoo alipwe mara 4. Kwa kondoo! Sheria ilikuwa inataka alipwe tu hizo mara 4, sio mtu auawe. Hasira ilizidi kesi kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na mke wa Uria, aliyemchukua kwa mwenzie. "Wewe ndiwe mtu huyo." Waswahili sisi tulishamaliza zamani, nyani haoni kundule.

Kwa hiyo chukua lile kundi la nukta zilizojaa palepale, ulete mbele za Mungu na swali moja: Bwana, mimi hili ninalo wapi? Na unyamaze. Usikimbilie kujibu "mimi sina". Mimi nilikaa nalo siku kama tatu hivi, siku ya nne nikiwa nafua ikaja yenyewe. Mwaka 2019 tulifanya harambee ya jengo la kanisa, nikasimama mbele ya watu nikaahidi 500,000, nikapigiwa makofi na vigelegele. Nikatoa 150,000. Basi. Jina langu likaendelea kusomwa kwenye orodha ya waahidi na mi natikisa kichwa kwa unyenyekevu. Piga hesabu. Nilikuwa nadaiwa na nyumba ya Mungu 350,000, yaani nimempita mweka hazina kwa elfu 10.

Nilikaa chini kwenye ndoo palepale.

Utasema ahadi sio wizi. Ndivyo na mimi nilivyojibu, kwa dakika kama mbili.

Kwa usiyemjua, uliza kabla hujamalizia hadithi

Hapa nitapita haraka maana hili linajulikana. Kuhani Eli, 1 Samweli 1, alimwona Hana anasali midomo inacheza sauti haitoki akamalizia hadithi mwenyewe: "utakuwa mlevi hata lini?" Kuhani huyo, mtu wa kazi ya kutambua maombi. Ila mpe haki yake, Hana alipomweleza hakujitetea, alibadilika palepale akambariki. Kwa hiyo kabla hujafunga hadithi ya mtu uliza swali la kawaida la kibinadamu: "mama shikamoo, wiki mbili sijakuona, nyumbani salama?" na sio "naona siku hizi umetutupa", hiyo sio swali, hiyo ni hukumu imevaa kanga.

Kwa aliyekosa kweli, nenda mwenyewe

Hii ndo sehemu iliyonitoa jasho na ndo naomba uisome taratibu.

Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikukosa nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Wagalatia 6:1 inaongeza mrejezeni kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako. Sisi tunageuza mpangilio, tunaanza na grupu, tunafuata na wazee wa kanisa, mwenyewe anakuja kujua mwisho akiwa ameshakuwa mada. Sasa mimi nilikuwa nimeshaharibu, kwa hiyo kabla ya kumwendea kwa kosa lake ilinibidi nimwendee kwa langu. Mambo niliyojifunza ni haya.

Nenda kwa miguu yako, usitume meseji, na wala usipige simu. Meseji anaweza kuisoma kwa sauti unayoichukia wewe mwenyewe. Usiende na mtu wa kukusindikiza, wakiwa wawili tayari ni kikao. Nenda muda ambao sio wa chakula, asije akahisi umekuja kuchungulia sufuria. Mkono mtupu haulambwi, beba hata kilo ya sukari, lakini usibebe kitu kikubwa mpaka ionekane unamnunua. Na kabla hujatoka nyumbani mwombee kwa jina, sio siku hiyo tu, mi nilimwombea wiki mbili nzima, na wiki ya kwanza maombi yenyewe yalikuwa yanasuasua, "Bwana mbariki... haya mbariki tu". Sala fupi inatosha, ya yule mtoza ushuru, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", afu unaongeza "na dada yangu". Ukishamweka mtu kwenye sentensi moja na wewe mwenyewe mbele za Mungu inakuwa vigumu kumweka kwenye sentensi yake peke yake mbele za watu.

Nilipobisha hodi alifungua mwenyewe. Tukatazamana. Akasema karibu, kwa ile sauti ya mtu anayesema karibu kwa sababu kalelewa vizuri.

Nikamwambia, "Dada, sikuja kwa habari ya hela. Nimekuja kwa habari ya ile picha niliyoirusha. Nilikukosea, na nilianza kukukosea hata kabla hujazigusa hizo hela."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwani nilikufanya nini?"

"Hamna. Watu wanakupenda, basi."

Akacheka, sio kicheko kizuri. Akasema hela alichukua kweli, asionekane anakataa. Nikamwambia najua. Sikumuuliza alizifanyia nini na hakuniambia, na mpaka leo sijui, na nadhani hiyo ndo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu kama mimi, kukaa na mtu aliyekosa bila kudai maelezo yatakayonisaidia kumsamehe. Yule mwanamke wa Yohana 8, aliyefumaniwa akizini, Yesu hakumuuliza ilikuwaje. "Wala mimi sikuhukumu. Enenda zako, wala usitende dhambi tena." Hakusema hukukosa, na hakusema haidhuru. Yote mawili kayasema kwa pumzi moja, na sisi wengi tunaweza moja tu, ama tunahukumu ama tunafunika.

Nikampa na ile shilingi 500 ya chenji. Nilikuwa nimeitunza.

Halafu jambo la mwisho hapa: msamaha uombe mahali ulipokosea. Mi nilimchafua kwenye magrupu mawili, kwa hiyo kumwomba radhi sebuleni hakukutosha. Nikaandika magrupu yote mawili, sentensi nne, bila "kama kuna niliyemkwaza" na bila kueleza nilikuwa na msongo gani. Kuna walioweka emoji ya kuomba, kuna walionyamaza, kuna mmoja akanifuata pembeni kuniambia nimejidhalilisha bure.

Na kusamehe hakumaanishi kurudisha funguo. Hakurudi kuwa mweka hazina, sahihi siku hizi zinatakiwa 3, na deni alilipa elfu 20 kila mwezi, miezi 17, akamaliza. Hilo ni la haki na yeye mwenyewe hakulilalamikia.

Tumwombee fulani jamani

Hili lazima niliseme hata kama mtaninunia. Umbea mwingi kanisani unaingia kupitia mlango wa maombi. "Wapendwa tumkumbuke dada yetu mmoja, sitamtaja, yule anayekaa karibu na kisima, ndoa yake inapita kwenye moto, na inasemekana kuna kaka wa kwaya..." Hapo hakuna ombi, hapo kuna taarifa ya habari imefumba macho.

Sheria yangu siku hizi: ombi ambalo siwezi kuliomba mwenyewe akiwa amekaa pale pale, silileti. Na mtu akiniletea, nafanya hivi, namwambia "kweli kabisa, tumwombee sasa hivi, anza wewe nimalizie mimi." Utashangaa ni wangapi wanakumbuka wana nyanya za kumenya.

Na vikao vyetu vya nidhamu

Wengi mnajua utaratibu wa kutengwa na kurudi kundini. Binti wa kwaya anapata mimba, anasimamishwa, baadaye anasimama mbele ya usharika kutubu, na huku kijana aliyempa mimba yuko jukwaani anaimba besi. Mi sipingi nidhamu ya kanisa, Paulo kaiagiza. Ila Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke, na kwenye Yohana 8 wale waandishi na Mafarisayo walimleta mmoja, mwanamke. Yule mwingine alikuwa wapi, na walisema huyu kafumaniwa akizini? Kama uko kwenye baraza la wazee, hilo ndo swali la kuuliza kabla ya lingine lolote, na uliulize kwa sauti.

Kuna mmonaki wa jangwani Misri karne ya 4, Abba Musa, Mwafrika mweusi ambaye kabla ya kuokoka alikuwa jambazi. Wakamwita kwenye kikao cha kumhukumu ndugu mmoja, akakataa. Wakatuma mtu tena. Akaja, mgongoni kabeba chombo kinachovuja. Wakamuuliza baba hii nini, akasema dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu sizioni, na leo nimekuja kuhukumu makosa ya mwenzangu. Kikao kikaisha hapo, wakamsamehe yule ndugu. Nilimsimulia mzee mmoja wa kanisa hii habari akaniambia "sasa kwa mtindo huo tutafanyaje vikao?" Nikamwambia mzee, fanyeni, ila kila mtu aje na chombo chake.

Angalia usije ukawa Farisayo wa mafarisayo

Ukifanya haya miezi kadhaa kuna shimo linakusubiri, na mimi nilitumbukia mpaka shingoni. Unaanza kuwahukumu wanaohukumu. Unamsikiliza mama anasengenya unawaza "maskini, bado hajafunguliwa". Ile sala ya Farisayo kwenye Luka 18, "nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine", sasa unaisali upande wa pili, asante Mungu mimi si kama yule Farisayo. Ni sala ileile! Hata uamsho wetu wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini kule Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukashuka mpaka Bukoba, ulikuwa na kitu kizuri mno, watu kutembea nuruni, kila mtu anaungama la kwake mbele ya wenzake na wengine wanaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Lakini na humo baadaye wakatokea wa kuwaona wenzao wamelala, sio waamkaji wa kweli. Moto uleule.

Sina dawa ya hili zaidi ya kuliwekea nukta. Nukta ya kumhukumu mhukumuji naiweka kwa kalamu nyekundu, nizione kirahisi.

Ukiniuliza nimefika wapi: jana nukta 4, tatu za ndani ya daladala na moja nyekundu. Binti karudi Sunday school ila anakaa darasa la ticha mwingine, na sijamwambia mtu amhamishe. Mama yake siku hizi anaanzisha nyimbo kwenye kikundi, ana sauti, na kuna kitenge cha rangi ya machungwa alikivaa Jumapili iliyopita nikamuuliza kakinunua wapi, akaniangalia kwanza kama sekunde mbili hivi, kisha akanielekeza. Ahadi yangu ya jengo imebaki 90,000.